Difu Ipi Inafaa kwa Gari Dogo la Parokia?

Mvua za masika zinapoanza, gari la parokia hubeba kazi zisizoweza kungoja: mama mjamzito anayepelekwa hospitali, chanjo zilizo kwenye kisanduku cha barafu, katekista anayekwenda kigango cha mbali. Gari likinasa kwenye tope kwa saa tatu, barafu huyeyuka na mama huendelea kuteseka. Ndiyo sababu baadhi ya kamati hufikiria kubadili difu ya gari lao, na wafadhili hujiuliza kama fedha hiyo inakwenda mahali panapostahili. Makala hii inaeleza jambo hilo kwa lugha rahisi, ili pande zote mbili ziamue zikiwa na uelewa mmoja.

KAZI YA DIFU

Gari linapokata kona, tairi la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Difu ni gia zilizo kwenye ekseli zinazoyaruhusu matairi mawili kuzunguka kwa kasi tofauti huku yote yakipokea nguvu ya injini.

Difu ya kawaida hugawa nguvu hiyo sawa kwa sawa, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Tairi moja likiwa kwenye tope, nguvu kidogo tu inatosha kulifanya lizunguke bure. Tairi la pili, hata likiwa juu ya ardhi kavu, hupewa kiasi kilekile kidogo. Gari halisogei.

Wengi hushangaa kuona hata gari linalovuta kwa matairi yote manne linakwama. Tuchukue mfano wa Suzuki Jimny ya muundo uliotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2018. Ina ekseli imara mbele na nyuma, lakini difu zake zote mbili kwa kawaida ni za aina hiyo ya kawaida. Tairi moja la mbele na moja la nyuma yakiteleza, mengine mawili hayana msaada.

AINA ZA KUCHAGUA

Difu inayozuia kuteleza, ambayo mafundi huiita LSD, hupeleka nguvu zaidi kwenye tairi lenye mshiko. Zipo za namna mbili kuu, na pembeni yake ipo difu loki.

1. Difu ya sahani. Ndani yake mna sahani zinazosuguana kama klachi. Hufanya kazi vizuri, lakini sahani huisha polepole na zinahitaji oili maalumu, ambayo kopo lake huandikwa LS au LSD. Ikiwekwa oili ya kawaida, huanza kunguruma na kushtuka kwenye kona. Zile zilizoundwa kwa ajili ya mashindano hukaza mno na hazifai kwa gari la huduma.

2. Difu ya gia. Hii haina sahani za kuisha; gia zenyewe ndizo zinazobanana. Tuseme uwiano wake ni 3 kwa 1. Tairi la kwenye tope likiweza kupokea sehemu 1 ya nguvu, lile lenye mshiko linaweza kupata sehemu 3. Jumla ni 4, wakati difu ya kawaida ingetoa 2 tu. Lakini 3 mara sifuri ni sifuri: tairi likining'inia hewani kabisa, difu hii peke yake haisaidii sana. Hapo dereva hukanyaga breki kidogo huku akiongeza mafuta taratibu, ili tairi hilo lipate kizuizi na lile la pili lipate nguvu.

3. Difu loki. Hii hufunga matairi mawili yazunguke pamoja kama kitu kimoja. Ndiyo yenye nguvu kuliko zote, lakini dereva lazima aifungue anaporudi kwenye barabara ngumu. Akisahau, gari hukataa kona, na shafti zinaweza kukatika.

MAONI YETU

Kwa gari dogo linaloendeshwa na madereva zaidi ya mmoja, na ambalo fundi wake yuko mbali, difu ya gia kwenye ekseli ya nyuma ndiyo chaguo la busara. Haihitaji kitufe wala kumbukumbu ya dereva. Difu loki ifikiriwe pale tu ambapo makorongo hunyanyua tairi mara kwa mara na dereva ni mmoja aliyefundishwa vizuri.

Gari dogo la mjini linalovutwa na matairi ya mbele lisibadilishwe difu kwa ajili ya tope. Usukani unaweza kuvuta upande, na tumbo la gari litabaki chini vilevile. Nayo magari mapya mengi, ikiwemo Jimny iliyotoka 2018, hutumia breki kuzuia lenyewe tairi linaloteleza. Yachunguzwe kwanza kabla ya kununua chochote.

MAMBO YA KUANGALIA

Tairi kwanza. Hakuna difu inayoweza kuokoa gari lenye matairi vipara. Tena, matairi mawili ya ekseli moja yawe na ukubwa mmoja na yawe yamelika sawa. Yakitofautiana, difu ya LSD hufanya kazi bila kupumzika na kuharibika mapema.

Mwendo wa dereva. Kwenye barabara yenye mgongo na utelezi, matairi yote mawili ya nyuma yanaweza kuteleza kwa pamoja, na mkia wa gari ukaenda mtaroni. Hasa gari fupi liendeshwe polepole.

Usalama wa gereji. Gari lenye LSD au difu loki lisiwekwe gia injini ikiwaka wakati tairi moja tu la ekseli hiyo limeinuliwa kwa jeki. Tairi lililobaki chini linaweza kulisukuma gari likaanguka juu ya fundi.

KWA KAMATI NA WAFADHILI

Injili inatufundisha kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Ombi zuri la difu litaje aina na mwaka wa gari, hali ya matairi, mahali linapokwama na mara ngapi kwa msimu. Lionyeshe pia bei ya difu, ya oili na ya ufundi, pamoja na jina la fundi atakayeifunga. Pengine hesabu hiyo itaonyesha kwamba matairi manne mapya na koleo vinatosha kwa mwaka huu. Hilo nalo ni jibu jema, kwa kuwa lengo ni mama afike hospitali.