Roboti wa Buluu ni Nani? Maoni ya Mgeni juu ya Hadithi za Sayansi

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyosema wahenga, nami ni mgeni kabisa katika hadithi za sayansi za kubuni, zile za roketi, roboti na viumbe watokao sayari za mbali, ziwe za sinema au za vitabu vya katuni. Wenyeji wake ni vijana, ambao wamezijua tangu utotoni. Lakini mgeni huona nyufa za nyumba ambazo mwenyeji amekwisha kuzizoea; kwa hiyo naomba nafasi nami nitoe maoni yangu.

Kwanza sina budi kukiri kosa. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hadithi hizo ni upuuzi wa ng'ambo, na kwamba mtoto azisomaye hupoteza wakati ambao angeutumia katika hesabu. Mwaka jana nilimnyang'anya mpwa wangu kitabu kimoja cha katuni, nikakifungia kabatini. Usiku mmoja nikakifungua, si kwa kutaka kujifunza, bali kwa kutafuta ushahidi wa kumshtaki kwa mama yake. Ushahidi nilioupata ulinishtaki mimi.

Ndani yake mlikuwa na hadithi fupi iitwayo "Judgment Day", yaani Siku ya Hukumu, iliyotungwa na Al Feldstein na kuchorwa na Joe Orlando, ikachapwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1953. Mjumbe kutoka duniani, aliyevaa vazi la mwanaanga lenye kofia iliyomficha uso, anafika katika sayari ya roboti ili kuchunguza kama wanastahili kuingizwa katika jamhuri kuu ya nyota. Anakuta roboti wa rangi ya chungwa na roboti wa buluu. Wote wameundwa kwa vyuma vile vile. Tofauti yao ni ganda la nje tu. Lakini wa chungwa ndio wenye maisha mazuri, na wa buluu hukaa mtaa wa peke yao, na katika basi huketi nyuma. Mjumbe anawaambia kwamba hawajawa tayari, ila wasikate tamaa, kwani hata dunia ilipata kuwa katika hali hiyo. Anarudi katika roketi yake, anavua kofia, na katika picha ya mwisho tunamwona: ni mtu mweusi.

Msomaji asidhani kwamba hayo yalikuwa mchezo. Siku zile, katika majimbo ya kusini ya Marekani, sheria ziliwatenga weusi na weupe. Na mwezi wa Desemba 1955 Rosa Parks alikamatwa mjini Montgomery kwa kukataa kumpisha mzungu kiti cha basi. Karibu na wakati huo huo wachapaji walitaka kuitoa hadithi hii mara ya pili. Kumbe tangu mwaka 1954 makampuni ya katuni yalikuwa yameunda ofisi ya kukagua vitabu vyao. Mkaguzi akataka mwanaanga yule asiwe mweusi. Mchapaji, William Gaines, akakataa katakata, kwa maana bila ya uso ule hadithi yote ingeanguka. Mwishowe ilitoka kama ilivyokuwa, katika toleo la mwanzo wa mwaka 1956, na baada ya hapo kampuni yake haikutoa tena vitabu vya katuni. Itazameni ajabu hii: roboti wanaobaguana waliruhusiwa kupita; uso wa yule aliyewahukumu ndio uliozuiwa mlangoni.

Nilimrudishia kijana kitabu chake, nikamwomba radhi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mjomba, huko kazini kwenu, wa buluu ni akina nani?"

Nilitaka kumjibu kwamba kwetu hakuna ubaguzi. Ulimi ukakataa. Katika karakana nifanyiayo kazi tuko wenye ajira ya kudumu, na wako vibarua. Sisi hunywa chai ndani, mezani. Wao hunywa nje, karibu na lango, wamechutama. Nyundo ni zile zile na jasho ni lile lile. Kwa miaka 11 nimepita pale kila asubuhi, na macho yangu hayakuona kitu.

Tangu siku hiyo nimezitafuta hadithi hizi kwa bidii. Nimejifunza kwamba neno roboti lilienea duniani kutokana na mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, ulioonyeshwa mjini Prague mwaka 1921, nalo latokana na neno la Kicheki lenye maana ya shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa. Basi tangu mwanzo roboti hakuwa chombo cha kuchezea watoto. Alikuwa mfanyakazi aliyenyimwa utu.

Nimeitazama pia "Metropolis", sinema ya Fritz Lang iliyotolewa Ujerumani mwaka 1927. Matajiri wanaishi juu katika majumba marefu, na wafanyakazi wanaishi chini ya ardhi, wakizitumikia mashine kama watumwa. Picha zake sitazisahau. Lakini mwisho wake sikuupenda. Msimamizi wa wafanyakazi anapeana mkono na bwana wa mji, eti moyo umeupatanisha mkono na kichwa, na sinema inakwisha. Mashine zimebaki kwa nani? Saa za kazi zimepunguzwa? Kupeana mkono bila ya mapatano ni salamu tu.

Kwa kipimo hicho hicho naipima "Black Panther" ya mwaka 2018. Nilifurahi kuona nchi ya Kiafrika iliyotangulia wengine kwa elimu. Lakini habari ni za mfalme, jamaa zake na majemadari. Mchimbaji wa madini yale yaliyoitajirisha Wakanda sikuambiwa hata jina lake. Iliyonigusa zaidi ni "Pumzi", sinema fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009. Humo maji yamekuwa haba, watu wamefungiwa ndani, nao huzalisha umeme kwa nguvu za miili yao. Mwanamke mmoja, Asha, anapata udongo wenye uhai, anatoroka, anapanda mche jangwani na kuumwagilia maji yake ya mwisho. Hana jeshi wala kiti cha enzi, na bado anafanya jambo kubwa kuliko wafalme wote niliowaona.

Wazazi wenzangu, tusiwanyang'anye watoto vitabu tusivyovisoma. Tuvisome pamoja nao, kisha tuulize: nani afanyaye kazi, nani mwenye mashine, na nani hahesabiwi kuwa mtu? Hadithi isiyoweza kujibu na ihukumiwe hapo.

Mimi nami nimekwisha kuulizwa. Katika mkutano wa wafanyakazi wa mwezi huu nimeomba jambo la vibarua liingizwe katika ajenda, na kabla ya siku hiyo nimekwisha kutoka na kikombe changu kwenda langoni. Mpwa wangu atataka kujua yaliyofuata.