Kontena Kuwa Nyumba ya Wengi

Kontena sote twalijua: hubeba mizigo melini, na likichakaa hugeuzwa duka. Je, laweza kuwa nyumba ya watu wengi?

Mwaka 2001, mahali paitwapo Trinity Buoy Wharf mjini London, makontena yalipangwa juu kwa juu yakawa jengo la karakana za wasanii. Kuyapandisha kulichukua siku 4 tu. Miaka michache baadaye, mjini Amsterdam, wanafunzi wapatao 1,000 walijengewa makao ya namna hiyo, kila mmoja na chumba, jiko na choo chake.

Siri ni nini? Uzito hubebwa na nguzo 4 za pembeni. Lakini kuta nazo zina kazi. Tukikata ubavu ili vyumba viwili viwe ukumbi mmoja, paa hulegea. Hapo lazima fundi achomelee boriti ya chuma. Na kwa joto letu la pwani, bila kivuli na madirisha ya kupitisha hewa, chumba cha chuma huwa tanuri.

Basi tusidanganywe na urahisi. Makontena yakishaunganishwa, kosa la mkataji mmoja ni hatari kwa wote waishio humo.