Tulipomtafutia Binti Yetu Chakula Mombasa

Binti yetu alipokuja likizo kutoka chuoni Mombasa tulimchinjia jogoo. Hakumgusa. Asubuhi yake alikataa mayai, na chai ya maziwa akaisogeza pembeni kwa adabu. Alisema ameacha kula kila kitu kitokacho kwa mnyama, hata samli na asali. Watu wa namna hiyo Waingereza waliwatungia jina mwaka 1944: vegani.

Akina mama wenzetu, mtatuelewa tukisema hatukupata usingizi. Baba yake aliogopa kwamba mtoto amejiunga na dini ngeni. Tulimkumbusha kwamba Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia, karibu kila Jumatano na Ijumaa, hawali nyama wala maziwa wala mayai, na hakuna awaitaye wapagani. Hofu yetu sisi ilikuwa nyingine. Mtoto alikuwa amekonda. Tulipomuuliza anakula nini huko mjini alijibu, "Chipsi, mama." Chipsi asubuhi, chipsi jioni!

Basi mwezi uliofuata tulipanda treni Voi, sisi na baba yake, tukashuka Mombasa kumtafutia mahali pa kula.

Tulianza vibaya. Katika hoteli moja ya barabarani tuliagiza maharagwe yasiyo na nyama. Kijana akaleta sahani, mafuta ya ng'ombe yakielea juu. "Nyama nimeitoa yote, mama," akasema, na uso wake ulionyesha kabisa kwamba ametutendea wema.

Kesho yake alfajiri tuliingia Mji wa Kale. Kwenye kibaraza kimoja alikuwapo bibi mmoja na sufuria yake ya mbaazi, na pembeni mahamri ya moto. Tulimwamkia, tukamuuliza kama ametia maziwa. "Maziwa ya ng'ombe ya nini, mwanangu, na nazi ipo?" Mbaazi zake zilipikwa kwa tui tu. Mahamri yake ni unga, sukari, hamira, iliki na tui. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba wako wanaotia yai au maziwa ya unga, kwa hiyo ni vizuri kuuliza. Binti yetu alikula mahamri manne. Hatukuwa tumemwona akila hivyo tangu aje nyumbani, na tulilazimika kutazama upande mwingine.

Hapo ndipo tulipotambua kosa letu. Tulikuwa tunatafuta mkahawa wenye kibao mlangoni, kumbe jiko la Pwani limekuwa likipika chakula hiki miaka yote bila kukipa jina. Wali wa nazi, maharagwe ya nazi, mchicha, kisamvu, kunde: kazi ambayo sisi wa bara tunaifanya kwa maziwa na samli, wao wanaifanya kwa tui. Kinachotakiwa ni kuuliza kila sufuria maswali yake. Mchicha una dagaa au kamba ndani? Chapati imepakwa mafuta au samli? Mkate wa sinia umetiwa ute wa yai? Kaimati zimekandwa kwa mtindi? Halua tuliiacha, maana hupikwa kwa samli.

Jioni tulikwenda Mama Ngina, upande wa bahari, wanakokaanga mihogo na kuiuza na pilipili na ndimu. Hapo swali ni la karai: mafuta haya yalikaanga samaki? Viazi karai navyo wengine huvichovya katika unga wenye yai. Bhajia za unga wa dengu zina usalama zaidi. Madafu hayana maswali.

Migahawa ya Wahindi wasiokula nyama ilitufurahisha, lakini msidanganyike. Wengi wao hawali yai, ila maziwa, mtindi na samli wanavipenda mno. Tuliomba dengu zilizokaangiwa kwa mafuta na chapati kavu, wakatuletea bila kinyongo.

Jambo moja hatukulegeza. Muuguzi mmoja alitueleza kwamba vitamini B12 haipatikani katika mimea. Mtu mzima anahitaji kiasi cha mikrogramu 2.4 kwa siku, kidogo mno, lakini akiikosa kwa muda mrefu damu hupungua na neva huharibika, ganzi ikaingia miguuni. Kwa mama mjamzito au anayenyonyesha hatari humfikia na mtoto pia. Tulimwambia binti wazi: mbaazi na kunde tutakupikia, lakini vidonge vya B12 utameza, na damu utapimwa. Alinuna kidogo. Jumatatu, kabla hatujarudi, alituonyesha kichupa alichonunua kwa pesa zake.

Likizo iliyofuata alikuja na nazi sita za Marikiti ndani ya begi. Alikaa juu ya mbuzi akazikuna mwenyewe, akakamua tui, akapika mbaazi. Baba yake alikula sahani mbili. Kisha akachungulia jikoni, akauliza kwa sauti ndogo kama kuku wa jana amebaki.