Dereva mwenye bastola: Linda kiuno chako na maisha ya walio garini

HUENDA wewe msomaji hujawahi kushika bastola, na wala huna haja nayo. Lakini hata kama wewe ni mkazi wa Soweto West, pale Kibera, ambako wengi huenda kazini kwa miguu au kwa matatu, si ajabu siku moja ukajikuta katika gari moja na mtu aliyeficha bastola chini ya shati. Labda umeajiriwa kuwa dereva wa tajiri mwenye leseni. Labda unaendesha teksi na abiria wako ni askari aliyevaa kiraia. Tena, tangu Septemba 2018, serikali ilipotangaza kwamba polisi watalipwa marupurupu ya nyumba na kuishi mitaani pamoja na raia, jirani yako wa mlango wa pili aweza kuwa askari.

Makala haya hayahusu jinsi ya kupata silaha wala jinsi ya kupigana nayo. Yanahusu afya: namna bastola inavyouumiza mwili wa anayeibeba akiwa ameketi garini, na namna maumivu hayo madogo yanavyoweza kumfikisha mtu mwingine kaburini. Silaha isiyo na leseni haina nafasi katika mashauri haya. Mahali pake ni kituo cha polisi.

Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yataka mwenye leseni awe mtu wa kuaminika. Mlevi wa kupindukia au mtu asiye na akili timamu hastahili kupewa. Sheria hiyo pia yamtaka mwenye silaha aiweke mahali salama wakati wote. Desemba 2018 serikali iliagiza kila raia mwenye leseni akaguliwe upya. Lakini leseni haikufundishi jinsi ya kuketi.

Kinachouma huondolewa

Ukisimama, bastola yenye risasi, ambayo mara nyingi uzito wake hukaribia kilo moja, hukaa kiunoni bila taabu kubwa. Ukiketi mambo hubadilika. Nyonga hujikunja, tumbo hujikusanya, kiti husukuma kutoka nyuma na mshipi wa usalama hukaza kutoka mbele. Chuma hakikunjiki, kwa hivyo nyama ndiyo hukubali kubonyea.

Baada ya nusu saa katika msongamano wa Barabara ya Ngong, dereva huanza kujipindua kitini. Kisha hufanya lile ambalo wengi hufanya: huichomoa bastola na kuitia chini ya kiti, katikati ya mapaja au katika kisanduku cha dashibodi. Hapo ndipo hatari huanza. Silaha iliyo katika ala yake, mwilini mwa mwenyewe, ina mtu mmoja wa kuichunga. Iliyo chini ya kiti haina wa kuichunga.

Kwa sababu hiyo, dereva anayebeba bastola asidharau starehe ya mwili akidhani ni mambo ya wanaodeka. Ikiwa bastola haimuumizi, hatakuwa na sababu ya kuishika safarini.

Mgongo na paja

Kosa la kwanza ni kuichomeka bastola nyuma, katikati ya kiuno. Ni kweli kwamba hapo haionekani kwa urahisi. Lakini ukiegemea kiti, chuma hukandamiza uti wa mgongo na kukulazimisha uketi upande. Gari likigongwa kutoka nyuma, mgongo wako hugongwa dhidi ya chuma hicho.

Tangu miaka ya 1970 madaktari wa Marekani wameandika juu ya wanaume waliopata maumivu ya siatika, yaani maumivu yanayoteremka kutoka matakoni hadi mguuni, kwa sababu tu ya kukalia pochi nene iliyo katika mfuko wa nyuma wa suruali. Ikiwa pochi yaweza kufanya hivyo, usitarajie chuma kiwe na huruma zaidi.

Kosa la pili ni kukaza mshipi wa suruali kupita kiasi ili bastola isiteleze. Karibu na mfupa wa mbele wa nyonga hupita mshipa wa fahamu unaohudumia ngozi ya upande wa nje wa paja. Ukibanwa, paja hufa ganzi, huwasha au huungua kana kwamba limemwagiwa maji moto. Ugonjwa huu huitwa meralgia parestetika, na ulipewa jina hilo mwaka 1895 na daktari Mrusi, Vladimir Roth. Huwapata wanaovaa mishipi mizito, wanene na hata wanawake wajawazito. Mara nyingi huisha wenyewe kinachobana kikiondolewa.

Lakini ukiona mguu unalegea, au ganzi imeingia sehemu za siri, au huwezi kuzuia mkojo au haja kubwa, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani hizo ni dalili kwamba mishipa ya fahamu ya kiunoni imebanwa vibaya.

Iketi wapi?

Mahali panapowafaa wengi ni ubavuni, upande wa mkono unaotumia, mbele kidogo ya mfupa wa nyonga na juu kiasi kwamba paja likikunjwa haligusi mtutu. Yafaa iwe katika ala ngumu isiyobonyea, iliyoshikwa na mshipi mpana na imara. Mshipi mwembamba huiacha bastola iyumbe, nawe utalazimika kuirekebisha kila mara.

Wengine huiweka mbele, karibu na kinena. Fikiria kwanza mtutu umeelekea wapi ukiketi. Kinenani na kwenye paja hupita ateri kubwa inayopeleka damu mguuni. Risasi ikiikata, mtu aweza kufa kwa dakika chache.

Jambo jingine ni la magari yetu wenyewe. Mashauri mengi yanayosomwa kuhusu jambo hili yameandikwa na Wamarekani, ambao dereva wao huketi kushoto na kufungia mshipi wa usalama kwenye nyonga ya kulia. Kwetu dereva huketi kulia, na kifungio kiko kushoto. Basi kwetu anayetumia mkono wa kulia hatasumbuliwa na kifungio, lakini bastola yake iko upande wa mlango na dirisha. Gari likisimama kwenye foleni, mkono wa mwizi uko karibu nayo. Funga kioo na uhakikishe nguo imeifunika vyema. Anayetumia mkono wa kushoto naye atazame kifungio kisigongane na ala.

Mshipi wa usalama

Wako madereva wanaoacha kufunga mshipi wa usalama kwa kuwa unabana bastola. Hao wanaogopa jambazi ambaye huenda wasikutane naye maishani, na kusahau ajali ambayo ipo barabarani kila siku. Tangu sheria za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, Wakenya wamejua kwamba mshipi si pambo.

Ufunge hivi: vuta kwanza shati au koti lako lisikunjamane. Pitisha sehemu ya chini ya mshipi kwenye mifupa ya nyonga, chini ya bastola. Usiupitishe juu yake. Gari likigonga kitu, mshipi uliopita juu ya chuma hukisukuma chuma hicho ndani ya tumbo.

Na bastola iliyolegea garini je? Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta na kusimama ndani ya nusu mita, kitu cha kilo moja husukumwa kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 20. Kikikupiga kichwani, hakihitaji risasi ili kikuue.

Usiiguse ukiwa njiani

Vaa bastola nyumbani au ofisini kabla ya kuingia garini, kisha usiiguse tena mpaka ufike. Ajali nyingi za silaha hutokea inapochomolewa, inaporudishwa au inapohamishwa. Ala lazima ifunike kifyatulio chote, kwani kidole si kitu pekee kinachoweza kukivuta. Ncha ya shati, kamba ya koti au ufunguo vyatosha. Tena bastola nyingi za kisasa, zikiwemo za Glock, hazina kizuizi cha kufungwa kwa kidole gumba.

Mchezaji maarufu wa kandanda ya Marekani, Plaxico Burress, aliingia katika klabu moja ya New York mnamo Novemba 2008 akiwa na bastola kiunoni bila ala. Iliteleza kwenye suruali na kumpiga risasi pajani. Alipona, lakini mwaka uliofuata alifungwa jela kwa sababu silaha hiyo hakuwa na kibali nayo katika mji huo.

Kuhusu bastola ya chini ya kiti, kisa cha Milwaukee, Marekani, chatosha kuwa onyo. Aprili 2016 mama mmoja alikuwa akiendesha gari lisilo lake. Bastola iliteleza kutoka chini ya kiti chake hadi nyuma, mwanawe wa miaka 2 akaiokota na kufyatua. Risasi ilipita kwenye kiti na kumuua mama. Bastola haikuwa yake.

Kwa hivyo wewe unayeazima gari, unayeliosha au unayeliendesha kwa mshahara, uliza kabla ya kuwasha injini: je, kuna silaha humu? Usione haya. Ukiikuta, usiishike. Waondoe watoto, kisha mwite mwenyewe.

Polisi wakikusimamisha, zima gari, weka mikono yote miwili juu ya usukani na useme kwa sauti ya kawaida kwamba una silaha yenye leseni. Ngoja uambiwe la kufanya. Usiipapase ili kuonyesha ilipo.

Akili na chupa

Ukinywa pombe, acha gari na acha bastola. Vivyo hivyo ukitumia dawa zinazoleta usingizi, kama zile za mafua na mizio. Na ukiona umekata tamaa, hulali, au wazo la kujiua linakujia, mpe mtu silaha hiyo kwa njia halali, yaani ipeleke kituo cha polisi au ghala la silaha la kikosi chako, kisha umwone daktari. Wengi waliowahi kujaribu kujiua kwa njia nyingine waliokolewa, na wengi wao hawakufa baadaye kwa kujiua. Anayejaribu kwa bastola mara nyingi hapati nafasi hiyo ya pili.

Damu ikitoka

Risasi ikimpata mtu garini, kwanza hakikisha silaha haiko mikononi mwa yeyote. Kisha fanya haya:

Bonyeza jeraha kwa nguvu, kwa mikono miwili, ukitumia kitambaa safi au leso. Usikiondoe kitambaa ili kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake.

Jeraha likiwa mkononi au mguuni na damu haikomi, funga kitambaa kipana cha vidole vitatu juu ya jeraha, upande wa moyo, kama vidole vinne kutoka penye jeraha. Usifunge juu ya goti au kiwiko. Kikaze kwa kijiti mpaka damu ikome, andika saa uliyofunga, wala usilegeze mpaka ufike kwa daktari.

Jeraha la kinenani halifungiki hivyo. Shindilia kitambaa ndani yake na ubonyeze bila kuacha.

Usimpe majeruhi chakula wala kinywaji. Mfunike asipate baridi. Piga 999 au 112, au mkimbize hospitali. Kutoka Kibera, Mbagathi na Hospitali Kuu ya Kenyatta haziko mbali. Usizungukie kituo cha polisi kwanza kutafuta fomu ya P3. Hiyo hujazwa baadaye. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Chumba kimoja, watoto wanne

Limebaki swali la mwisho wa safari. Nyumba nyingi za Soweto West ni chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, ambamo watoto hucheza, hula na kulala. Hakuna kabati, godoro wala dari isiyofikiwa na mtoto mdadisi. Bastola isiyo na kasha la chuma lililofungwa kwa kufuli na kukazwa ukutani haipaswi kulala humo. Wala haipaswi kulala garini, kwani gari huvunjwa.

Askari airudishe ghalani zamu yake ikiisha. Raia anayefikiria kuomba leseni ajiulize kwanza: nitaiketi vipi safarini, na itakaa wapi nikilala? Asiyeweza kujibu maswali hayo mawili afadhali aendelee kusafiri bila bastola.