Mahindi Yakikataliwa Mpakani: Nini Hurekebishika, Nini Hakirekebishiki

Mahindi ni miongoni mwa bidhaa zinazovuka kwa wingi kutoka Uganda kupitia Busia na Malaba. Wafanyabiashara wanakumbuka Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula (AFA) iliposimamisha uagizaji wa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani aflatoksini. Siku chache baadaye marufuku hiyo iliondolewa kwa masharti, likiwemo la kila shehena kuwa na cheti kinachothibitisha kiwango cha sumu.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na aflatoksini kwa jumla isizidi mikrogramu 10 katika kila kilo. Shehena ikishindwa kipimo, hatua inayofuata hutegemea kasoro iliyopatikana.

Unyevu hurekebishika. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, kwa tabaka jembamba, na uyageuze mara kwa mara. Weka hesabu ya uzito utakaopungua: gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 16 hubaki na takriban kilo 87.4 likikaushwa hadi 13.5. Kwa magunia 100, hizo ni kilo 260 za maji. Anayenunua mahindi mabichi kwa bei ya makavu huwa amelipia maji hayo.

Kipimo cha chumvi kwenye chupa kavu husaidia, lakini chumvi isiposhika kwenye kioo, inaonyesha tu kwamba unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Kabla ya kuhifadhi, tumia kipima unyevu.

Takataka na punje zilizovunjika pia huondolewa, kwa kupepeta, kuchekecha na kuchambua. Kazi hiyo hupunguza sumu, kwa kuwa punje zilizooza au kutobolewa na wadudu ndizo hubeba nyingi zaidi. Hata hivyo, punje inayoonekana safi inaweza kuwa na sumu. Shehena iliyochambuliwa ipimwe upya, kwa sampuli kutoka magunia mengi, kwani sumu haisambai sawasawa.

Kuchanganya mahindi yenye sumu na mazuri si kurekebisha. Hakuiondoi sumu, bali huieneza hadi kwenye magunia yaliyokuwa salama. Kukausha hakuiondoi, na kupika ugali hakuiishi. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 nchini, wengi wao Makueni na Kitui.

Mahindi yaliyooza yasilishwe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu hupita hadi kwenye maziwa. Yatenge na umwone afisa wa kilimo wa wadi yako akuelekeze namna ya kuyaharibu.