Mume Anapoacha Sigara

Dada mpendwa, mumeo akiacha sigara, siku 3 za kwanza huwa ngumu kuliko zote. Atakuwa mkali, usingizi utampaa, na chai ya asubuhi itamkumbusha sigara yake. Sisi wauguzi tunakuambia: ni mwili unaodai nikotini, si chuki kwako. Hamu hiyo hupanda kisha hushuka, mara nyingi kabla ya dakika 10 kwisha. Basi tumsaidie kuzivuka dakika hizo kwa maji baridi, karanga, au matembezi mafupi. Mazungumzo ya madeni na ada ya shule (tunajua ada inabana!) yangoje kidogo. Akiteleza akavuta moja, tusimsimange wala kumtangaza kwa akina mama wenzetu. Aanze upya siku ileile.