Je, Wajua? Sayansi Iliyozaliwa Kando ya Ziwa Victoria

Ukiitaja Mwanza, wengi watakumbuka sangara, dagaa na mawe. Wachache watakumbuka utafiti. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja watu wamekuja kwenye mwambao huu na maswali ya fizikia, tiba, hesabu na tabia za binadamu, na baadhi ya majibu yaliyopatikana hapa yamebadili sera hadi Geneva. Mengi yalipatikana kwa njia moja: kuweka vitu viwili sambamba na kuvilinganisha.

Je, wajua kwamba mawe ya Mwanza yalichongeka yakiwa bado ardhini?

Mgeni akiliona Jiwe la Bismarck limekaa juu ya mawe mengine ziwani hujiuliza ni nani aliyelipandisha. Hakuna aliyelipandisha. Ni graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, nayo ilipasuka ikiwa bado chini ya udongo. Maji yalipenya kwenye nyufa na kuulainisha mwamba polepole. Kona hushambuliwa kutoka pande tatu, ubapa kutoka upande mmoja tu, kwa hiyo kona ndizo huisha kwanza na bonge hubaki la mviringo. Baadaye mvua ilisomba udongo, mabonge yakabaki yamebebana vilevile yalivyokuwa.

Je, wajua kwamba kimo cha ziwa kilipimwa kwa kuchemsha maji?

Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza Agosti 3, 1858. Ili kujua ziwa liko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari, alichemsha maji na kusoma kipimajoto. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua na maji huchemka mapema: nyuzi joto moja ya Selsiasi pungufu kwa kila meta 300 hivi. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, Mwanza kwa nyuzi 96 na ushei. Ndiyo maana maharage hukawia kuiva Njombe kuliko Dar es Salaam.

Speke alipata futi 3,740. Vipimo vya leo vinasema futi 3,720 hivi, yaani meta 1,134. Lakini katika msafara huohuo, yeye na mwenzake Richard Burton walilipa Ziwa Tanganyika kimo cha futi 1,850 hivi, ilhali liko zaidi ya futi 2,500. Kipimajoto kikikosea nyuzi moja tu, umekwisha kupoteza meta 300.

Je, wajua kwamba ziwa hili hulishwa na mvua kuliko mito?

Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria hudondoka juu yake moja kwa moja kutoka mawinguni. Kagera, Mara, Simiyu na mito mingine yote huleta kiasi kilichobaki. Sehemu kubwa ya maji hayo hurudi hewani kwa njia ya mvuke, na yaliyosalia hutoka Jinja kuwa Mto Nile. Ndiyo sababu misimu michache ya mvua kubwa huliinua ziwa zima. Mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma meta 13.42, sentimeta moja juu ya rekodi iliyowekwa Mei 1964.

Mvua hiyo ina saa zake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani, na mawingu hujikusanya juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu pande zote, hukutana katikati ya ziwa na kuisukuma juu hewa yenye unyevu. Dhoruba huzaliwa hapo, wakati mitumbwi ya dagaa na taa zake iko kazini. Inakadiriwa kuwa watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa ziwani kila mwaka. Mwaka 2016 watafiti waliotumia picha za setilaiti walionyesha kwamba ukali wa dhoruba za alasiri nchi kavu husaidia kutabiri dhoruba za usiku majini. Kwa mvuvi hiyo ni habari ya kutumia: mawingu mazito ya saa kumi juu ya vilima ni sababu ya kufikiri mara mbili kabla ya kusukuma mtumbwi.

Je, wajua kwamba kuna samaki aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere?

Jina lake la kitaalamu ni *Pundamilia nyererei*, mmoja wa furu, samaki wadogo ambao wavuvi wa Mwanza wanawafahamu vyema. Ziwa hili lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita, likajaa tena, na tangu hapo zimejitokeza aina za furu zinazokaribia 500. Kwa wanabiolojia, muda huo ni mfupi mno.

Dume wa *nyererei* ni mwekundu. Nduguye, *Pundamilia pundamilia*, ni wa bluu. Wanaishi kwenye miamba ileile, ila mwekundu hukaa kina kirefu kidogo. Hapa fizikia inaingia: maji ya ziwa hili huunyonya mwanga wa bluu kwanza, kwa hiyo ukizama kinachobaki ni mwanga wa manjano na mwekundu. Macho ya samaki wa chini yamekaa sawa na mwanga huo, na majike huchagua dume wanayemwona vizuri. Kila jike akichagua rangi yake, aina mbili hazichanganyiki.

Mwanabiolojia Ole Seehausen na wenzake waliupima uchaguzi huo. Kwenye tangi lenye mwanga wa kawaida majike walichagua madume wa aina yao. Mwanga ulipogeuzwa kuwa wa rangi moja, wote wakawa hawatofautishi. Kisha wakalinganisha visiwa: Makobe, penye maji maangavu, wekundu na wa bluu wametengana; Luanso, kusini mwa Ghuba ya Mwanza penye maji ya tope, utakuta machotara wa rangi za katikati. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 1997 ulitoa onyo kwamba majitaka, mbolea na udongo unaosombwa kutoka mashambani vinaweza kufuta aina za samaki bila hata samaki mmoja kuvuliwa.

Je, wajua kwamba Robert Koch alifika Mwanza?

Mjerumani huyo aliyegundua kimelea cha kifua kikuu alikuja mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel. Alikuwa akifuatilia ugonjwa wa malale, uliokuwa ukiua watu kwa maelfu kaskazini mwa ziwa. Mwanza hakukuta wagonjwa wa kutosha, akahamia Visiwa vya Ssese, Uganda. Huko alijaribu dawa ya atoksili yenye sumu ya aseniki, akiongeza dozi. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu ya muda, na zaidi ya 20 wakapofuka. Kanuni za leo za kumlinda mtu anayeshiriki utafiti zina historia kama hii nyuma yake.

Je, wajua kwamba zahanati za vijijini Mwanza ziliwahi kuushangaza ulimwengu?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 UKIMWI haukuwa na dawa za kufubaza virusi barani kwetu. Watafiti walichagua jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza. Katika sita, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa na kuhakikishiwa dawa. Sita nyingine zilingoja zamu yao. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 kwenye kundi la kwanza na asilimia 1.9 kwenye la pili: pungufu ya karibu asilimia 40. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995.

Mwaka 1999 yakaja ya Rakai, Uganda, upande wa pili wa ziwa. Huko watu wazima wote wa jamii zilizochaguliwa walipewa dawa kwa awamu, na VVU havikupungua. Nani alikuwa sahihi? Wataalamu wa hesabu walijenga mifano ya mwenendo wa janga na kupata sehemu kubwa ya jibu: wote wawili. Mwanza VVU vilikuwa kwa asilimia 4 hivi ya watu wazima, na magonjwa ya zinaa yalikuwa yakivifungulia mlango. Rakai vilikuwa vimefika asilimia 16, na mlango ulikwisha kuvunjwa. Dawa ileile, wakati tofauti, jibu tofauti.

Je, wajua kwamba wasichana 930 wa Mwanza walisaidia kupunguza sindano duniani?

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilianza kwa dozi tatu, zikawa mbili. Kuanzia mwaka 2017 kituo cha utafiti cha MITU, kinachoshirikiana na taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR Mwanza, kiliwagawa wasichana wa miaka 9 hadi 14 kwa bahati nasibu: dozi moja, mbili au tatu. Miaka miwili baadaye, zaidi ya asilimia 97 ya waliopata moja tu bado walikuwa na kinga mwilini. Pamoja na ushahidi wa nchi nyingine, Kenya ikiwamo, matokeo hayo yaliwafanya washauri wa Shirika la Afya Duniani kuikubali dozi moja mwaka 2022. Tanzania ikaifuata mwaka 2024.

Je, wajua kwamba kujua si kutenda?

Mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza mwaka 1999 katika jamii 20 za Mwanza, ukifundisha afya ya uzazi katika shule za msingi za nusu ya jamii hizo. Mwaka 2007 na 2008 vijana 13,814 walipimwa. Waliosoma masomo hayo walikuwa bado na ufahamu zaidi, lakini maambukizi ya VVU hayakutofautiana na ya wenzao. Watafiti waliyachapisha matokeo hayo bila kuyafunika.

Baadaye swali liligeuzwa: badala ya nini kifundishwe, nani aseme? Utafiti uliofanyika Kisumu na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuwa umeonyesha kwamba tohara hupunguza maambukizi kwa mwanaume kwa zaidi ya nusu, ila Wakristo wengi wa Mwanza waliiona si jambo lao. Katika vijiji 16, wachungaji na mapadre wa nusu ya vijiji walipewa semina kuhusu tohara kitabibu na kidini. Huduma ilikuwa ileile kote. Palipo na semina, karibu asilimia 53 ya wanaume walitahiriwa. Kwingine, asilimia 30 hivi.

Je, wajua kwamba unaweza kuikadiria sikoseli kwa kalamu na karatasi?

Watoto wachanga 17,200 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania walipimwa damu katika utafiti ulioongozwa kutoka Hospitali ya Bugando. Mmoja kati ya watano alikuwa amebeba kinasaba cha sikoseli, bila kuumwa. Sasa fanya hesabu. Nafasi ya wazazi wote wawili kuwa wabebaji ni moja ya tano mara moja ya tano, yaani moja ya 25. Kwa wazazi hao, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Zidisha: mtoto mmoja kati ya 100. Vipimo vilitoa asilimia 1.2.

Hesabu hiyo haimwambii mtu yeyote kuhusu damu yake. Kipimo cha hospitali ndicho kitakachomwambia, na mahali ambapo mmoja kati ya watano ni mbebaji, wachumba wana sababu ya kukiomba kabla ya kupanga tarehe ya harusi.